RimWorld kwenye Steam Deck: mwongozo wa anayeanza, hatua kwa hatua

Maswali yanayonifikia ni yale yale. Maandishi hayasomeki. Kishale kinateleza na ramani inakimbia. Mpunga umeiva shambani na watu wanalala njaa. Wavamizi wamefika, na aliyeshika Deck (Steam Deck, kompyuta ya mkononi ya kuchezea gemu ya kampuni ya Valve) bado anatafuta kitufe cha kuwaamuru watu wake washike silaha. Nimeona ni heri niyaandike majibu mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mtu anaweza kuufuata akiwa na kifaa mkononi.

Kwa asiyeijua gemu hii: RimWorld imetengenezwa na Ludeon Studios ya Canada, kampuni ya Tynan Sylvester, na toleo la 1.0 lilitoka Oktoba 2018. Unapewa watu wachache walioanguka na chombo chao kwenye sayari ya mbali, na kazi yako ni kuwajengea makazi, kuwalisha, kuwatibu na kuwalinda. Huwaongozi kwa kijiti kama mchezaji wa mpira. Unapanga kazi, wao wanazitekeleza kwa akili yao, na mara nyingine wanakasirika na kukataa. Ni gemu ya kompyuta yenye menyu nyingi sana, na ndiyo maana wengi huamini haichezeki kwenye kifaa cha mkononi. Inachezeka, na vizuri tu, mradi ukubali jambo moja nitakalolirudia: RimWorld huchezwa muda ukiwa umesimama. Unasimamisha, unatazama, unaamuru, kisha unaachia. Vidole vyako vikiwa vizito kuliko vya mwenye kibodi na kipanya, hupotezi kitu, kwa sababu saa ya gemu inakusubiri.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Steam Deck yoyote inatosha. Ile ya kwanza ya 2022 ina skrini ya LCD ya inchi 7, na ya OLED iliyotoka Novemba 2023 ina inchi 7.4. OLED inasomeka vizuri zaidi na betri yake ni kubwa, wati-saa 50 dhidi ya 40, lakini usiuze ya zamani kwa ajili ya gemu hii.

RimWorld yenyewe, toleo la kompyuta, kutoka Steam, duka la gemu la Valve. Kuna toleo la PlayStation 4 na Xbox One lililotoka 2022. Hilo halifanyi kazi kwenye Deck, na modi (marekebisho yanayotengenezwa na wachezaji) za Steam Workshop halizipati. Nyongeza za kulipia ni tano hadi sasa: Royalty, Ideology, Biotech, Anomaly na Odyssey. Usinunue hata moja kwa sasa. Gemu tupu ina mambo ya kutosha kukuweka miezi, na kila nyongeza inaleta menyu mpya kabla hujazimudu za mwanzo. Siku ukitaka kuongeza, anza na Biotech, maana watoto na familia hubadilisha makazi yote yanavyoishi.

Intaneti ya kupakulia. RimWorld ni nyepesi mno ukiilinganisha na gemu za mpira zinazokula makumi ya gigabaiti, hivyo bando la kawaida linatosha.

Chaja ya USB-C ya wati 45, au pawabenki yenye uwezo huo. Anayeishi kwenye mgao wa umeme aipe pawabenki kipaumbele.

Kiingereza cha kusomea. Gemu haina Kiswahili, kwa hiyo majina ya vichupo na mipangilio nitayaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini ili usiyatafute.

Na muda. Siku moja ya gemu kwa mwendo wa kawaida ni kama dakika 17 za saa yako. Kwa mwendo wa tatu haifiki dakika 3. Mwaka wa gemu una siku 60.

Hatua ya 1: Pakua, kisha fungua mara moja ukiwa bado na mtandao

Ukimaliza kupakua, usiikimbilie safari. Fungua gemu mpaka menyu kuu ionekane, ifunge, ndipo uzime mtandao. Gemu isiyowahi kufunguliwa hata mara moja mtandaoni inaweza kukugomea ukiwa kwenye basi.

RimWorld ina toleo lake la Linux, na Deck inatumia Linux, hivyo huhitaji kulazimisha Proton, programu ya Steam inayoendesha gemu za Windows kwenye Linux. Angalizo: ukianza na toleo la Linux kisha ukahamia Proton katikati, makazi yako yatatoweka kwenye orodha. Hayajafutika. Kila toleo lina folda yake ya kuhifadhia. Chagua moja siku ya kwanza na ubaki nalo.

Hatua ya 2: Panga vitufe

Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa, na hapa ndipo ningekuomba utulie zaidi kuliko kwingine kote kwenye mwongozo huu.

Bonyeza kitufe cha Steam, nenda kwenye mipangilio ya vidhibiti vya gemu, utazame mpangilio uliopo. Kuna mpangilio rasmi wa watengenezaji. Anza nao. Hakikisha mambo haya matatu yapo: padi ya kulia (kibao cha kugusa) inasogeza kishale, R2 ni kubofya kushoto, L2 ni kubofya kulia. Kubofya kushoto ni kuchagua. Kubofya kulia, ukiwa umeshamchagua mtu, ni kumwamuru afanye jambo kwenye kile ulichokibofya. Tofauti hiyo ikikuingia vidoleni, nusu ya gemu umeshaimudu.

Kijiti cha kushoto kiachie kusogeza ramani, na padi ya kushoto kukuza na kupunguza.

Sasa vitufe vinne vya nyuma, ambavyo wanaoanza huviacha bure:

a) R4 iwe Space. Hii inasimamisha na kuachia muda. Kidole kikae hapo daima.

b) R5 iwe R. Hii ni kumwita mtu vitani au kumrudisha kazini.

c) L4 iwe Q, ya kugeuza kitu kabla ya kukijenga. Vitanda, majiko na mashine za baridi vyote vina upande.

d) L5 iwe Shift, ya kupanga amri kwa foleni: kwanza beba yule majeruhi, kisha funga mlango, kisha rudi.

Vitufe vya mishale weka 1, 2 na 3 kwa mwendo wa muda. Kwa menyu kubwa, kidole kwenye skrini kina kasi kuliko padi, kwa hiyo changanya bila aibu: padi kwenye ramani, kidole kwenye vichupo vya chini. Ukihitaji kuandika jina, bonyeza Steam pamoja na X na kibodi itatokea.

Ukimaliza kupanga, usianze makazi ya kweli. Fungua gemu yoyote, simamisha muda, ufanye mazoezi: chagua mtu, mwamuru akate mti, chora ukuta, geuza kitanda, futa. Dakika 20 za mazoezi hayo zitakuokoa siku ya uvamizi.

Hatua ya 3: Rekebisha mipangilio ya gemu

Fungua Options. Mipangilio ifuatayo ndiyo yenye uzito kwenye skrini ndogo.

Zima ramani kusogea kishale kikigusa ukingo. Kwenye padi kishale huteleza hadi pembeni kila mara, na ramani itakukimbia.

Zima maandishi madogo sana. Kuna kisanduku chake. Jaribu pia kukuza ukubwa wa menyu kwa hatua moja. Ukiona madirisha yanakatwa chini, rudisha ulikotoka, na pale penye neno usilolisoma tumia kikuzaji cha Deck chenyewe: Steam pamoja na L1.

Weka gemu ijisimamishe yenyewe tishio linapotokea. Chaguo hilo lina ngazi: kutosimama kabisa, kusimama kwa tishio kubwa, kwa tishio lolote, au kwa barua yoyote, yaani taarifa yoyote ya gemu. Anayeanza achague tishio lolote. Mwenye kibodi anaweza kuishi bila mpangilio huu. Wewe wa Deck usiishi bila huo.

Kuhifadhi kwenyewe kuwe kila siku 1 ya gemu.

Hatua ya 4: Betri na fremu

Bonyeza kitufe chenye nukta tatu, nenda sehemu ya utendaji. Weka kikomo cha fremu (picha kwa sekunde) 40 kwa skrini ya LCD, au 45 kwa OLED. Picha za RimWorld ni bapa na zimetulia, hutaona tofauti na 60, lakini betri itaiona. Valve wenyewe wanataja saa 2 hadi 8 kwa LCD na 3 hadi 12 kwa OLED, na gemu hii ikiwa bado changa hukaa upande mzuri wa hesabu hiyo.

Angalizo: usishuke chini ya fremu 30. Saa ya RimWorld imefungamana na fremu, na ukibana mno, mwendo wa tatu utaanza kujikokota hata kama kifaa kina nguvu.

Unaweza pia kubana wati za kichakataji mwanzoni. Makazi yakikua, ziachie, kwa sababu RimWorld inalemea kichakataji kuliko sehemu ya picha.

Hatua ya 5: Chagua hadithi, ugumu na mahali

Mandhari ya kuanzia: Crashlanded. Unapata watu watatu, bunduki ya bolt-action, bastola na kisu, pamoja na chakula cha pakiti, dawa, chuma na mbao za kuanzia. Zile nyingine, hasa ya kuanza uchi bila kitu, ziache kwa sasa.

Msimulizi ndiye anayeamua matukio yaje lini. Cassandra anapandisha shida ngazi kwa ngazi. Randy hana kanuni, anaweza kukutumia karamu leo na maafa matatu kesho. Phoebe anakupa nafasi ndefu za kupumua. Chukua Phoebe na ugumu wa Adventure Story. Kuna watakaokwambia kwamba hiyo ni rahisi mno. Usiwasikilize mpaka umemaliza mwaka mmoja wa gemu.

Chagua hali inayokuruhusu kurudia hifadhi wakati wowote. Ile nyingine, Commitment, ina hifadhi moja tu, na kwenye kifaa kinachoweza kuishiwa chaji katikati ya vita hilo ni jambo la kulifikiria mara mbili.

Sayari iwe asilimia 30, na ramani 250 kwa 250 au ndogo zaidi. Ramani kubwa inavutia macho, kisha inaizamisha Deck mwaka wa tatu.

Kwa mahali pa kutua, tafuta msitu wa wastani (Temperate forest) wenye vilima vikubwa, na usome maelezo ya kigae hicho mpaka uone muda wa kilimo umeandikwa mwaka mzima. Vilima vinakupa mawe ya kujengea na ukuta wa asili wa kujikinga. Milima mizito inavutia kuchimba makazi ndani yake, lakini chini ya paa nene la mwamba ndiko wadudu wakubwa huibukia. Mara ya kwanza jenga nje.

Hatua ya 6: Chagua watu watatu

Kila mtu ana stadi 12, kila moja kuanzia 0 hadi 20. Miali ya moto pembeni ya stadi ni mapenzi yake kwa kazi hiyo: mwali mmoja anajifunza haraka, miwili haraka zaidi. Unahitaji kwa pamoja mjenzi, mkulima, mpishi, mtu wa kutibu na mlenga shabaha, na watatu wanatosha kugawana hayo. Ukipata mkulima mwenye miali miwili, mshikilie.

Tazama kwa makini orodha ya kazi asizoweza. Asiyeweza kubeba na kusafisha atakuwa mgeni wa kudumu. Asiyeweza vurugu hatakusaidia siku ya wavamizi. Mkatae kabisa mwenye tabia ya Pyromaniac, kwa sababu siku akichafukwa atachoma nyumba, na nyumba zako za mwanzo ni za mbao.

Hatua ya 7: Siku ya kwanza, kabla hujaachia muda

Wameanguka. Bonyeza R4. Sasa, muda ukiwa umesimama, fanya yote haya:

1. Tembeza macho ramani nzima. Tafuta udongo mzuri, kifusi cha jengo la zamani, na mahali penye mwamba upande mmoja.

2. Vitu vyenye alama ya X nyekundu haviguswi na mtu. Viruhusu vile unavyovitaka.

3. Wape silaha. Chagua mtu, bofya kulia kwenye bunduki. Bolt-action apewe mlenga shabaha bora.

4. Chora eneo la ghala. Litakuwa ndani ya nyumba baadaye, kwa sasa liwe karibu na utakapojenga.

5. Chora shamba la mpunga la vigae (miraba ya ramani) 8 kwa 10. Sababu nitaieleza punde.

6. Agiza miti ikatwe, mingi.

7. Chora chumba kimoja kikubwa cha mbao, chenye vitanda vitatu, meza na viti. Meza si pambo. Anayekula bila meza hupungukiwa hali ya moyo kwa alama 3 kila anapokula hivyo, na alama hizo zikijumlishwa na nyingine ndiyo mtu anavunjika.

Chumba cha pamoja watakilalamikia. Waache walalamike wiki ya kwanza. Vyumba vya mtu mmoja mmoja vitafuata.

Angalizo: paa hushikiliwa na ukuta au nguzo kwa umbali usiozidi vigae 6. Ukichora ukumbi mpana bila nguzo katikati, sehemu ya katikati haitaezekwa, na ukibomoa ukuta uliobeba paa, litawaangukia.

Sasa achia muda. Usiende mwendo wa tatu mara moja. Watazame saa chache wanavyogawana kazi, maana hapo ndipo utamjua nani mvivu wa kubeba na nani anakimbilia uwindaji.

Hatua ya 8: Chakula, na chumba cha baridi

Njaa ndiyo inayoua makazi mengi ya wanaoanza.

Mpunga huiva kwa takriban siku 5 na nusu kwenye udongo wa kawaida. Viazi karibu siku 11, navyo huvumilia udongo duni. Mahindi karibu siku 21, na yanalipa vizuri kwa kila jasho la mkulima, lakini ukiyategemea peke yake siku ya kwanza utazika watu kabla ya mavuno. Anza na mpunga, kisha ongeza mahindi ghala likishakuwa na akiba.

Hesabu yake ni hii. Mlo wa kawaida hupikwa kwa vipande 10 vya chakula kibichi, na mtu mmoja hula karibu milo miwili kwa siku. Watu watatu wanamaliza kama vipande 55 kwa siku. Shina moja la mpunga hutoa vipande 6, hivyo vigae 80 vinakupa karibu 480 kila mavuno, yaani zaidi ya 85 kwa siku. Inabaki ziada ya kumlisha mgeni atakayejiunga, na atakuja.

Jiko nalo lina masharti. Weka jiko kwenye chumba chake. Meza ya kuchinjia isikae humo, kwa sababu damu huchafua sakafu na jiko chafu huleta sumu ya chakula. Anayepika awe yule mwenye stadi kubwa, na uwazuie wengine kabisa. Kwenye agizo la jiko, usichague kupika bila mwisho. Chagua kupika hadi idadi fulani iwepo, tuseme milo 12, ili mpishi apate muda wa kazi nyingine na ghafi isiishe.

Kisha chumba cha baridi. Jenga chumba kidogo karibu na jiko, kuta zake ziwe mbili mbili kama mbao zinatosha, mlango mmoja. Mashine ya baridi hukaa ndani ya ukuta, upande wa buluu ukitazama ndani na mwekundu ukitazama nje. Hapa ndipo L4 inapofanya kazi. Mashine hiyo inakula wati 200, na jenereta ya kuni inatoa 1000, kwa hiyo jenereta moja inatosha mwanzoni. Mashine isipoonekana kwenye orodha ya ujenzi, utafiti wake haujafanyika. Uweke mbele ya tafiti zote.

Angalizo linaloulizwa kuliko yote: mashine ya baridi huanza ikiwa imewekwa nyuzi 21. Haitagandisha chochote mpaka uibofye na kuishusha. Weka nyuzi 5 chini ya sifuri. Kama upande mwekundu unapuliza ndani ya chumba kingine kilichofungwa, joto litarudi. Uelekeze nje kwenye hewa.

Betri za umeme ziweke chini ya paa. Mvua ikizinyeshea, zinapiga shoti na kuwaka moto.

Hatua ya 9: Panga nani afanye nini

Fungua kichupo cha Work. Kwa kawaida utaona alama za vema tu. Washa Manual priorities, na kila kazi itapokea namba 1 hadi 4. Moja huja kwanza. Namba zikilingana, kazi iliyo kushoto zaidi ndiyo inayotangulia.

Kuzima moto, kuwa mgonjwa, kupumzika kitandani na udaktari: 1 kwa wote wanaoweza. Mkulima apewe 1 kwenye kilimo, mpishi 1 kwenye kupika, mjenzi 1 kwenye kujenga. Kubeba na kusafisha viwe 3 kwa kila mtu, na angalau mmoja awe na 2 kwenye kubeba.

Mpunga unaoozea shambani, watu wakiwa na njaa, chanzo chake karibu kila mara kiko kwenye kichupo hiki: kilimo kimewekwa 3 kwa mtu ambaye uchimbaji wake ni 1, na mwamba hauishi.

Kwenye skrini ya Deck jedwali hili linaonekana dogo. Tumia kidole kuingia, padi kubadilisha namba, na muda uwe umesimama.

Hatua ya 10: Uvamizi wa kwanza

Mara nyingi huwa mtu mmoja mwenye silaha duni. Gemu itajisimamisha, kama ulivyoiagiza kwenye hatua ya 3. Kabla ya kuachia:

1. Bofya barua ya uvamizi uone wanatokea wapi.

2. Chagua watu wako wote, bonyeza R5. Sasa wanakusikiliza wewe tu.

3. Wapeleke nyuma ya kinga: pembe ya ukuta, mifuko ya mchanga, mwamba. Wasikae wamebanana, wala mmoja asisimame mbele ya mtutu wa mwenzake.

4. Achia muda kidogo, simamisha. Adui akiingia kwenye masafa, wote walenge mmoja.

5. Akikaribia mwenye kisu, mrudishe nyuma aliye karibu naye.

Vita vya dakika moja ya gemu vinaweza kukuchukua robo saa ya kuachia na kusimamisha, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Adui akianguka, bonyeza R5 kuwarudisha watu kazini, kisha shughulikia majeruhi mara moja. Chagua daktari, bofya kulia kwa majeruhi. Kidonda kisichofungwa huingia maambukizi, na maambukizi yanaua hata aliyeshinda vita. Mtibiwa alale kitandani mpaka kinga yake iupite ugonjwa.

Jambo lisiloonekana kwa macho: ukubwa wa uvamizi hupimwa kwa utajiri wa makazi na idadi ya watu. Ukirundika fedha, dhahabu, sanamu na sakafu za gharama kabla ya ulinzi, unawaita wavamizi wakubwa kuliko uwezo wako. Hata ghala lililojaa silaha usizozitumia linahesabiwa. Kaa na vitu unavyovihitaji, uza vingine.

Hatua ya 11: Kuzima na kuendelea

Kitufe cha kuwasha hulaza Deck, na gemu hubaki pale ulipoiachia. Ni raha, lakini si hifadhi. Chaji ikiisha kabisa, kilichomo kinapotea. Kabla ya kulaza: simamisha, hifadhi, ndipo ubonyeze.

Hifadhi zako nakili mara kwa mara kwenye kadi au mtandao. Ingia hali ya kompyuta, onyesha mafaili yaliyofichwa, na uende `.config/unity3d/Ludeon Studios/RimWorld by Ludeon Studios/Saves`. Kila hifadhi ni faili moja tu.

Ikikwama

*Makazi yametoweka baada ya kubadilisha mpangilio wa Proton.* Rudisha mpangilio wa awali na yataonekana. Folda ya upande wa Proton iko ndani ya compatdata yenye namba 294100, ukitaka kuhamisha faili mwenyewe.

*Kishale kinaruka ninapogusa skrini.* Kidole na padi vinagombania. Inua kidole kabisa kabla ya kurudi kwenye padi.

*Mtu amesimama tu, hafanyi kazi.* Huenda bado yuko kwenye hali ya vita. Mchague, bonyeza R5. Kama sivyo, tazama eneo aliloruhusiwa kutembea, kisha namba zake kwenye Work.

*Kitu kimechorwa lakini hakijengwi.* Bofya kulia ukiwa umemchagua mjenzi, gemu itakuambia sababu: vifaa havitoshi, vimekatazwa, stadi yake ndogo, au hakuna njia ya kufika.

*Chumba cha baridi hakigandi.* Fuata mpangilio huu: nyuzi, upande wa mashine, umeme, tundu kwenye paa, mlango unaoachwa wazi na mtu anayepitapita. Chumba kikubwa kinahitaji mashine mbili.

*Mtu amevunjika moyo na anazurura.* Mbofye, soma kichupo cha Needs. Kila kinachomsumbua kimeandikwa pamoja na alama zake. Mara nyingi ni njaa, usingizi sakafuni, chumba kibaya, au kukosa burudani. Kiatu cha farasi cha kurushia nje ni burudani ya bei nafuu mno, kijenge mapema.

*Gemu imekuwa nzito mwaka wa tatu.* Angalia mifugo kwanza. Kuku na ndege wengine wa kufugwa wanaongezeka haraka na kila mmoja anatafuta njia yake kwenye ramani. Chinja, uza. Kisha ondoa kikomo cha wati, na uchomeke chaja. Idadi ya watu ikae 8 hadi 12 kwenye Deck.

*Nimeweka modi na gemu inafunguka na maandishi mekundu.* Zima zote, anzisha upya, rudisha moja moja. Harmony (modi ambayo modi nyingi huitegemea) ikae juu kabisa kwenye orodha, chini yake Core (gemu yenyewe), kisha nyongeza ulizonunua, kisha modi nyingine. Modi iliyoandikwa kwa toleo la zamani la gemu iache hata kama inavutia, na usiiondoe modi kwenye makazi yaliyokwisha kuizoea bila kunakili hifadhi kwanza.

*Gemu imeganda kabisa.* Shikilia Steam pamoja na B mpaka ijifunge. Ukirudi, fungua hifadhi ya siku iliyotangulia kwenye orodha ya Autosave. Utakuwa umepoteza siku moja ya gemu, si zaidi.